Mwanya wa Nanomita Moja: Jinsi Metali na Mwanga Vinavyofichua Molekuli Iliyo Peke Yake

Tuanze na hesabu. Chukua leza nyekundu ya nanomita 633, ibane kwa lenzi ya hadubini mpaka miliwati moja itue kwenye mikromita moja ya mraba, kisha weka hapo katikati molekuli moja tu. Mwanga huo ni mkali mno: karibu wati 100,000 kwa kila sentimita ya mraba. Hata hivyo molekuli ya kawaida itakurudishia fotoni moja yenye taarifa za maumbile yake kila baada ya siku tatu na nusu hivi. Na kwa kuwa kifaa kizuri hunasa labda fotoni tano katika kila mia zinazotoka, utasubiri zaidi ya miezi miwili kuiona hiyo moja.

Fotoni hizo adimu ni za mtawanyo wa Raman, uliogunduliwa mwaka 1928 huko Kolkata, India, na C. V. Raman, ambaye miaka miwili baadaye alipata Tuzo ya Nobel. Mwanga ukiigonga molekuli, karibu wote hutawanyika ukiwa na rangi ileile. Sehemu ndogo sana huachia nishati kidogo kwa atomi zinazotikisika, au huchukua kidogo kutoka kwazo, na rangi yake ikasogea. Msogeo huo hupimwa kwa sm⁻¹, yaani idadi ya mawimbi katika sentimita moja, na kila molekuli ina mpangilio wake kama alama za vidole. Kemikali ya rangi iitwayo rhodamini 6G, ambayo imetumika katika utafiti huu kuliko karibu nyingine zote, ina vilele, yaani mahali ambapo mwanga uliosogea ni mkali zaidi, karibu na 612, 774, 1363, 1509 na 1650 sm⁻¹. Ukiviona vyote mahali pake, huna haja ya kuuliza ni nini kilichomo.

Kuna njia nyingine ya kuona molekuli moja, nayo ni mng'ao: molekuli humeza fotoni na kuitema ikiwa na rangi nyekundu zaidi. Kwa molekuli zinazojua kung'aa, mng'ao una nguvu kuliko Raman takribani mara trilioni kumi hadi mia moja. Lakini mng'ao ni mkanda mpana wa rangi. Unakwambia kuna kitu pale, haukwambii ni kitu gani. Isitoshe, molekuli nyingi za uhai na za kemia haziwaki kabisa. Metali husaidia njia zote mbili, ila kwa masharti tofauti, na kuyachanganya masharti hayo ndicho chanzo cha majaribio mengi yanayoharibika.

Elektroni kwenye bembea

Ndani ya chembe ya dhahabu au fedha yenye upana wa nanomita 60 kuna elektroni huru. Mwanga ni uga wa umeme unaobadili upande mamia ya trilioni ya mara kwa sekunde, na chembe ni ndogo kiasi kwamba uga huo huzisukuma elektroni zake zote kwa pamoja, huku kisha kule. Mtoto kwenye bembea hapai kwa sababu umemsukuma kwa nguvu. Anapaa kwa sababu umemsukuma kwa mdundo wa bembea. Elektroni nazo zina mdundo wao, na mchezo huo wa pamoja huitwa plasmoni. Kwa chembe ndogo za dhahabu zilizo majini mdundo huo hulingana na mwanga wa nanomita 520 hivi, na kwa fedha karibu 400. Ndiyo maana mmumunyo wa chembe za dhahabu huwa mwekundu. Michael Faraday alieleza wekundu huo mwaka 1857 jijini London, na mwaka 1908 Gustav Mie akatoa hesabu zake kamili.

Bembea ikipaa, uga wa umeme kwenye uso wa chembe huwa mkubwa kuliko ule wa mwanga ulioingia. Kwa chembe moja ya mviringo ongezeko ni kama mara kumi. Sogeza chembe ya pili mpaka ibaki nanomita moja kati yake na ya kwanza, na leza iwe imeelekeza uga wake kwenye mstari unaoziunganisha: ndani ya mwanya huo uga huweza kupanda mara mia na zaidi. Mahali hapo hujulikana kama doa moto, jina linalopotosha kidogo kwa sababu moto si sehemu ya jambo lenyewe, ingawa tutaona kwamba joto nalo lina visa vyake.

Faida inayopatikana si mara mia, ni zaidi ya hapo. Ukali wa mwanga ni mraba wa uga, kwa hiyo mwanga unaoifikia molekuli umeongezeka mara 10,000. Kisha fotoni ya Raman inapotoka hupitia chembe zilezile, zinazofanya kazi kama antena, na kutoka nako kunaongezwa kwa mraba. Ukizidisha, unapata uga kwa kipeo cha nne: mara kumi inakuwa 10,000, mara mia inakuwa milioni mia moja. Rudi sasa kwenye hesabu ya mwanzo. Fotoni moja ya siku tatu na nusu ikizidishwa mara milioni mia moja inakuwa fotoni zaidi ya 300 kwa sekunde. Hata baada ya kifaa kupoteza nyingi kati yake, zinazobaki zinatosha kuchora spektra, yaani mchoro wa vilele hivyo.

Kipeo hicho cha nne hukata pande zote mbili. Kuzunguka chembe ya mviringo, uga hupungua kwa mchemraba wa umbali kutoka katikati, kwa hiyo ishara ya Raman hupungua kwa kipeo cha kumi na mbili. Chembe ikiwa na nusu kipenyo cha nanomita 30, molekuli ikijitenga na uso wake nanomita 3 tu, ishara hushuka hadi theluthi. Ndani ya mwanya mteremko ni mkali zaidi.

Ugomvi wa namba

Athari hii ilionekana kwanza mwaka 1974 katika Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza. Fleischmann, Hendra na McQuillan walipata ishara kubwa ya kemikali iitwayo piridini kwenye elektrodi ya fedha iliyokwaruzwa, wakadhani ni kwa sababu uso uliokwaruzwa una eneo kubwa. Mwaka 1977 vikundi viwili, cha Jeanmaire na Van Duyne na cha Albrecht na Creighton, vilionyesha kwamba eneo pekee halielezi ongezeko la mara laki moja hadi milioni moja. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1997, Nie na Emory kwa upande mmoja, na Kneipp na wenzake kwa upande mwingine, wakatangaza kuwa wameona molekuli moja.

Matangazo hayo yalikuja na ongezeko la mara 10¹⁴ hivi, namba ambayo hesabu za plasmoni hazikuweza kuifikia. Kwa miaka kadhaa watu waliitafuta ile nguvu ya siri iliyokuwa ikikosekana. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya tofauti ilitokana na jinsi ya kuhesabu. Rhodamini 6G na rangi nyingine zilizotumika humeza mwanga karibu na rangi ya leza, na hilo peke yake hukuza Raman yake mara mia hadi maelfu kabla metali haijaguswa. Ukilinganisha rangi kama hiyo na molekuli isiyomeza mwanga, metali inapewa sifa isiyo yake. Siku hizi inakubalika kwamba ongezeko la kati ya 10⁷ na 10¹⁰, kutegemea molekuli, linatosha kuona moja, na mwanya wa nanomita moja hulifikia.

Mwaka 2008 Fang, Seong na Dlott walipima kwenye uso wa fedha jinsi ongezeko lilivyogawanyika kati ya molekuli. Katika kila milioni, 63 tu zilikuwa kwenye sehemu zenye ongezeko linalozidi bilioni moja, lakini hizo 63 zilitoa asilimia 24 ya ishara yote. Anayetaka kuelewa kwa nini matokeo ya fani hii huyumba kutoka sampuli hadi sampuli aikumbuke namba hiyo. Wastani wa sampuli unaamuliwa na wachache waliobahatika kukaa pazuri.

Kutengeneza chembe

Njia inayotumika sana kwa fedha ni ya Lee na Meisel ya mwaka 1982. Miligramu 90 za nitrati ya fedha huyeyushwa katika mililita 500 za maji safi kabisa, huchemshwa huku kikorogeo cha sumaku kikizunguka, kisha mililita 10 za sitrati ya sodiamu ya asilimia moja huongezwa, na mchemko huendelea kwa saa moja. Maji hugeuka manjano, halafu kijivu chenye ukijani, kama maziwa machafu. Hiyo si dalili ya kuharibika. Chembe zinazopatikana ni mchanganyiko wa viduara na vijiti, na kilele chake kwenye spektrofotomita, kifaa kinachopima rangi zinazomezwa, ni kipana, karibu na nanomita 400 hadi 420. Chupa huhifadhiwa gizani.

Dhahabu ni tiifu zaidi. Katika njia ya Frens ya 1973, mililita 50 za asidi ya kloroauriki ya asilimia 0.01 huchemshwa, na sitrati ya asilimia moja ndiyo inayoamua ukubwa: mililita 1 hutoa chembe za nanomita 16, nusu mililita hutoa za nanomita 41. Sitrati ikiwa nyingi, mbegu huwa nyingi, na dhahabu ileile hugawanywa kwa wengi.

Kinachoharibu ni vyombo. Mkwaruzo mmoja ndani ya chupa, au mabaki ya metali ya jana, huwapa ioni mahali pa kuanzia ukutani, na badala ya koloidi, yaani chembe zinazoelea majini, unapata kioo cha kujitazamia. Vyombo vilivyotumika kwa dhahabu huoshwa kwa akwa rejia, yaani sehemu tatu za asidi ya hidrokloriki kwa moja ya asidi ya nitriki, ndani ya kabati la kuvutia hewa chafu, na chupa yake haifungwi kamwe kwa sababu hutoa gesi. Vyombo vilivyotumika kwa fedha vianze na asidi ya nitriki peke yake. Ukiwahi kutia akwa rejia, kloridi hushikana na fedha na kuacha utando mweupe wa kloridi ya fedha usioyeyuka, na utajikuta unasugua ulichokuja kukiondoa.

Chembe zilizovaa sitrati zina chaji hasi, hivyo husukumana na kukaa mbalimbali. Ili mianya ipatikane lazima zisogeleane. Chumvi ya kawaida hufanya kazi hiyo: ikifika milimoli 10 kwa lita, utando wa chaji unaozitenganisha hunywea hadi nanomita 3 hivi. Kwa dhahabu utaona wekundu ukielekea zambarau. Ukipita buluu na maji yakaanza kukosa rangi huku vumbi jeusi likitua chini, umezidisha, na hakuna kurudi nyuma. Kinachotafutwa ni chembe mbilimbili au tatutatu. Chaji hiyohiyo hasi ndiyo inayoeleza kwa nini rhodamini 6G na rangi nyingine iitwayo zambarau ya kristali, zenye chaji chanya, zimekuwa vipenzi vya fani. Molekuli yenye chaji hasi haisogei hata karibu, na mtu akiitia kwenye koloidi ya sitrati asipate kitu, tatizo huenda si leza.

Ni rangi kiasi gani itiwe? Mapishi ya Lee na Meisel, ukichukulia chembe za nanomita 60, yana chembe karibu trilioni mia moja kwa lita. Rangi ikiwa nanomoli moja kwa lita, kila chembe inapata molekuli sita hivi. Uso wa chembe moja ni kama nanomita za mraba 11,300, ilhali doa moto ni makumi machache tu ya hizo. Kwa hiyo vikundi vingi vya chembe havina molekuli hata moja mwanyani, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Sampuli inayowaka kila kona ni sampuli yenye rangi nyingi mno.

Mbele ya leza

Kwa vikundi vya fedha, leza ya nanomita 633 hufaa kwa sababu mwanya husogeza mdundo wa plasmoni kuelekea wekundu. Kwa dhahabu tumia 633 au 785. Leza ya kijani ya 532 kwa dhahabu ni kupoteza muda: chini ya nanomita 520 hivi, na jirani zake, dhahabu humeza mwanga kwa elektroni zake za ndani na bembea hufa kabla haijapaa. Pima kwanza silikoni, ambayo kilele chake hukaa karibu na 520.7 sm⁻¹, ili ujue mizani yako haijahama.

Nguvu ya leza kwenye sampuli ibaki kati ya mikrowati 10 na 100, na kila spektra ichukue sekunde moja au chini. Ile miliwati tuliyoanza nayo, ndani ya mwanya unaozidisha mwanga mara 10,000, huikaanga molekuli. Metali nayo hupata joto, atomi za usoni hutembea, mwanya hubadilika umbo. Ishara inayoanza kwa kishindo na kufa ndani ya sekunde mbili kwa kawaida inakuambia upunguze leza.

Sasa mtego mkubwa kuliko yote. Mabaki yoyote ya kikaboni, ikiwamo sitrati yenyewe, yakiungua kwenye fedha huwa kaboni isiyo na mpangilio, ambayo hutoa mikanda miwili karibu na 1350 na 1580 sm⁻¹. Mikanda hiyo hucheza, hupotea na kurudi, na vilele vyembamba huzuka juu yake ghafla. Inafanana mno na kile ambacho mtu anatamani kuona. Dawa ni moja: pima koloidi isiyotiwa rangi kabisa, kwa leza ileile na muda uleule, mara nyingi kama ulivyopima sampuli. Kupepesa peke yake si ushahidi wa molekuli moja.

Ushahidi ni nini, basi?

Hapa ndipo fani hii ilipokomaa, na kwa maoni yetu ndipo ulipo uzuri wake. Kukuza ishara ni kazi ya mwanya. Kuthibitisha kwamba ishara imetoka kwa molekuli moja ni kazi ya mtu. Kutegemea ukolezi mdogo hakutoshi, kwa kuwa hujui molekuli ngapi zimekaa wapi.

Mwaka 2006 Le Ru, Meyer na Etchegoin walipendekeza njia ya rangi mbili. Changanya rangi A na B nusu kwa nusu, kisha pima mamia ya madoa. Kama kila doa lina molekuli kumi zinazochangia sawa, uwezekano wa zote kuwa za aina moja ni 1 kwa 512, kwa hiyo karibu kila spektra itakuwa mchanganyiko. Zikiwa tatu, robo ya spektra zitakuwa safi. Zikiwa mbili, nusu. Ikiwa spektra karibu zote ni A tupu au B tupu, unaangalia molekuli moja moja.

Udhaifu wa njia hiyo ni kwamba A na B huenda hazishikani na metali kwa nguvu sawa. Mwaka 2007 Dieringer, Van Duyne na wenzao huko Northwestern, Marekani, waliuziba kwa rhodamini 6G mbili zinazofanana kikemia, moja ikiwa na atomi nne za hidrojeni zilizobadilishwa kuwa deuteriamu, yaani hidrojeni nzito. Kilele cha karibu 610 sm⁻¹ hushuka hadi 600 hivi, na tofauti ya sm⁻¹ kumi inatosha kuzitenganisha.

Hata hapo, soma jibu kwa uangalifu. Spektra safi ya rangi moja haisemi kwamba kuna molekuli moja tu mahali pale. Inasema ishara inatawaliwa na moja. Zikumbuke zile 63 katika milioni: huenda zimo mia, ila moja imekaa pazuri kiasi cha kuzifunika nyingine zote. Kitu cha pili kinachofaa kupimwa ni mwelekeo. Zungusha uga wa leza. Kwa chembe mbili, ishara lazima ikaribie kuzimika uga ukiwa mkingamo wa mstari wao. Isipozimika, si zile chembe mbili ulizodhani.

Kwa mng'ao, masharti hugeuka

Aliyezoea Raman husogeza molekuli ing'aayo mpaka iguse metali, halafu hushangaa ikizimika. Sababu ni kwamba molekuli iliyomeza fotoni hubaki na nishati kwa nanosekunde kadhaa, na metali iliyo karibu mno huinyonya na kuigeuza joto. Umbali unaofaa ni kama nanomita 5 hadi 10: karibu vya kutosha kufaidi uga, mbali vya kutosha kutonyonywa. Molekuli yenye ufanisi wa kung'aa wa asilimia 95 haina mengi ya kuongezewa upande wa kutoa mwanga. Yenye asilimia mbili au tatu ndiyo hufaidi. Ndiyo maana antena ya dhahabu yenye umbo la tai ya kipepeo, iliyoelezwa mwaka 2009 na Kinkhabwala na wenzake, ilifikisha ongezeko la mara 1,340 kwa rangi hafifu. Kuweka molekuli moja kwenye umbali sahihi kumerahisishwa na DNA iliyokunjwa kuwa jukwaa, yenye chembe za dhahabu zilizofungwa mahali maalumu.

Metali pia hutumika kinyume, kuzuia mwanga. Lenzi bora huangaza ujazo wa femtolita moja hivi, yaani sehemu ya milioni kwa bilioni ya lita, na nanomoli moja kwa lita tayari huweka humo molekuli 0.6 kwa wastani. Vimeng'enya vingi vinahitaji ukolezi mkubwa zaidi ya huo ili vifanye kazi. Mwaka 2003 Levene, Webb, Craighead na wenzao huko Cornell walitumia vitundu vya makumi ya nanomita kwenye utando wa alumini. Mwanga hauwezi kupita kwenye kitundu chembamba hivyo. Huingia kidogo tu chini na kufifia, ukiangaza zeptolita chache, yaani sehemu za bilioni kwa trilioni za lita. Kimeng'enya kikibandikwa sakafuni mwa kitundu, huonekana kikishika herufi moja ya DNA baada ya nyingine, na kampuni ya Pacific Biosciences imejenga mashine za kusoma DNA juu ya wazo hilo.

Mwanya unaojirudia

Chembe zilizosogezwa kwa chumvi hazikupi mwanya uleule mara mbili. Suluhisho moja ni kuweka chembe ya dhahabu juu ya utando bapa wa dhahabu, katikati ukipanga molekuli za urefu unaojulikana. Utando hufanya kazi ya kioo, na taswira ya chembe huwa ndiyo jirani yake. Mwaka 2016 kikundi cha Baumberg huko Cambridge kilitumia molekuli zenye umbo la pipa kutenga mwanya wa nanomita 0.9, ndani ya pipa ikikaa molekuli moja ya rangi iitwayo methilini buluu, na molekuli na mwanga vikabadilishana nishati kwa kasi kuliko ilivyoweza kupotea, kwenye joto la kawaida la chumba. Suluhisho lingine ni ncha ya fedha ya hadubini inayosogezwa juu ya molekuli. Mwaka 2013 huko Hefei, China, katika ombwe na baridi kali, ncha kama hiyo ilichora molekuli moja ya aina ya porfirini kwa undani uliopungua nanomita moja.

Katika mianya hii midogo limezuka swali ambalo koloidi hazikuwahi kuliuliza waziwazi. Leza huweza kuvuta atomi moja ya dhahabu ikachomoza usoni, na uga ukakusanyika kwenye hiyo atomi moja. Ghafla vilele vipya huonekana na kuanza kutangatanga, wakati molekuli haijasogea popote. Kabla ya kuandika kwamba molekuli imejigeuza au imeungana na nyingine, linganisha mandharinyuma ya spektra na rangi inayotawanywa na chembe yenyewe kabla na baada ya tukio. Rangi hiyo ikibaki palepale huku vilele vikihama, umbo la mwanya kwa ujumla halijabadilika, na wa kwanza kushukiwa ni atomi moja ya metali.